Sura ya Tano: Mtu Mmoja Anaweza Kuibeba Timu?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, swali hili hurudi vijiweni na kwenye vibanda umiza: inakuwaje timu ikusanye nyota wote wale halafu ishindwe? Mfano unaotajwa sana siku hizi ni Paris Saint-Germain. Kuanzia 2021 hadi 2023 timu hiyo ya Ufaransa iliwapanga Lionel Messi, Neymar na Kylian Mbappé katika safu moja ya ushambuliaji. Ligi ya nyumbani waliichukua. Ligi ya Mabingwa Ulaya, ambayo ndiyo wenye timu waliyokuwa wakiililia, walitolewa hatua ya 16 bora miaka yote miwili, kwanza na Real Madrid, kisha na Bayern Munich. Messi akaenda Marekani, Neymar akaenda Saudi Arabia, na mwaka 2024 Mbappé akamaliza mkataba na kuhamia Real Madrid bila PSG kulipwa ada ya uhamisho. Wengi walidhani habari ya Paris imekwisha. Tarehe 31 Mei 2025, mjini Munich, PSG isiyo na hata mmoja wa wale watatu iliichapa Inter Milan 5-0 na kubeba kombe.

Shabiki wa mpira wa kikapu akisikia hayo hushangaa, kwa sababu kwenye mchezo wake mambo huenda kinyume: nyota akiondoka, timu huanguka siku hiyohiyo. Mashabiki hawa wawili hawabishani bure. Kila mmoja anasema kweli kuhusu mchezo wake. Sura hii inaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, kisha inaingia kwenye jambo linaloniuma zaidi: kwa nini sifa, tuzo na fedha huwaangukia wachezaji wa aina fulani na kuwapita wenzao waliotoka jasho lilelile.

## Hesabu ya uwanjani

Mechi ya soka ni dakika 90, lakini ukiondoa mipira ya kurusha, faulo, majeruhi na makipa wanaopoteza muda, mpira wenyewe huchezwa kwa chini ya saa moja. Gawanya muda huo kwa wachezaji 22. Kila mmoja anapata kama dakika mbili na nusu za kuwa na mpira mguuni. Mchezaji mkubwa atapata zaidi kidogo, lakini hata Messi katika ubora wake alimaliza sehemu kubwa ya mechi bila mpira, akitembea, akijipanga, akisubiri wenzake kumi wamfikishie.

Kikapu ni watano kwa watano. Katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mechi ni dakika 48, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Timu ikishika mpira ina sekunde 24 za kuutupa kikapuni, hivyo kila upande hupata mashambulizi kama 100 kwa usiku mmoja. Nyota hucheza dakika 35 hadi 40 kati ya hizo 48, na kocha akitaka, kila shambulizi litapita mikononi mwake. Mpira ukipotea, huyohuyo anageuka kukaba. Katika soka straika wako akiwa na siku nzuri, hilo halimsaidii beki wa kulia aliyezidiwa mbio mita 70 nyuma yake.

Kuna pia suala la bahati. Soka huamuliwa kwa magoli mawili au matatu, kwa hiyo mpira mmoja kugonga mwamba, au penalti moja ya utata, unaweza kufuta kazi ya mchezaji bora duniani. Kikapu kina pointi mia na zaidi kwa kila timu. Bahati ya robo ya kwanza huisha kufikia robo ya nne, na aliye bora hujitokeza.

Kwa kifupi:
- Kikapu kinampa mtu mmoja nafasi ya kugusa karibu kila tukio la mechi.
- Soka inampa matukio machache, tena mengi yakitegemea wengine.
- Magoli yakiwa machache, bahati ina sauti kubwa. Pointi zikiwa nyingi, ubora una sauti kubwa.

## Cleveland, mara mbili

Msimu wa 2009/10, Cleveland Cavaliers ya LeBron James ilishinda mechi 61 na kupoteza 21. Julai 2010 LeBron alitangaza kwenye kipindi maalumu cha televisheni kwamba anahamia Miami. Msimu uliofuata Cleveland ilishinda 19 na kupoteza 63, na katikati yake ikapigwa mechi 26 mfululizo. Ni haki kusema kwamba kocha naye alikuwa ameondolewa na wachezaji wengine kadhaa walibadilika. Lakini ngoja. LeBron alirudi 2014, akaipa Cleveland ubingwa wa 2016, akaondoka tena 2018 kwenda Los Angeles Lakers. Msimu wake wa mwisho timu ilishinda 50 na kufika fainali. Msimu uliofuata ilishinda 19 na kupoteza 63. Matokeo yaleyale, namba kwa namba. Timu alizochezea, Miami na Cleveland, zilifika fainali miaka minane mfululizo, 2011 hadi 2018.

Sasa linganisha na Barcelona. Messi alipoondoka akilia Agosti 2021, timu ilikuwa imetoka kushika nafasi ya tatu kwenye ligi ya Hispania. Bila yeye ikashika ya pili, na mwaka uliofuata, 2023, ikawa bingwa. Iliumia, hasa Ulaya, ambako ilishushwa hadi Ligi ya Europa. Haikuporomoka.

Nyumbani tumeliona pia. Fiston Mayele alifunga sana Yanga kati ya 2021 na 2023, akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika msimu ambao Yanga ilifika fainali dhidi ya USM Alger. Alipouzwa Pyramids ya Misri, watani wa upande wa pili walisherehekea mapema. Msimu wa 2023/24 Yanga ikachukua ligi tena na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Stephane Aziz Ki akimaliza kinara wa ufungaji kwa magoli 21. Magoli ya Mayele yaligawanywa kwa wengine. Kwenye kikapu huwezi kuugawa mchango wa LeBron kwa watu watatu, kwa sababu nafasi ni tano tu, na wawili kati ya hao watatu watakaa benchi.

Wenye NBA walilielewa hilo kwa njia ya gharama. Ligi ina ukomo wa mishahara, yaani kiwango ambacho timu haitakiwi kukipita katika kulipa kikosi chake, ingawa kuna mianya. Msimu wa 1997/98 ukomo ulikuwa karibu dola milioni 27. Michael Jordan peke yake alilipwa zaidi ya milioni 33. Mtu mmoja alizidi kiwango cha timu nzima, na Chicago haikujuta, kwani ilibeba kombe la sita. Makubaliano ya 1999 yakaweka dari kwa kila mchezaji: leo nyota hawezi kusaini mkataba mpya unaozidi asilimia 25, 30 au 35 ya ukomo wa timu, kutegemea miaka aliyokaa ligini.

Matokeo yake ni kitu ambacho wengi hawakukitarajia. Nyota aliyezuiwa kupata fedha zaidi aliitumia nguvu yake kuchagua: acheze wapi, na nani, na chini ya kocha gani. Kama timu tano zote zitakulipa dari ileile, utaenda penye rafiki zako. Ndiyo maana LeBron, Dwyane Wade na Chris Bosh walikutana Miami 2010, na Kevin Durant akaenda Golden State 2016. Wamiliki walikata mshahara wakadhani wamekata nguvu.

## Macho hufuata mpira

Tuje sasa kwenye kutambuliwa. Mwaka 2003 Real Madrid ilikuwa na Zinedine Zidane, Luís Figo, Ronaldo wa Brazil, Raúl na Roberto Carlos. Rais wake, Florentino Pérez, alikuwa na mpango wa kununua nyota mmoja mkubwa kila mwaka, na mwaka huo alimleta David Beckham. Katika kikosi hicho alikuwemo Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ufaransa. Alikuwa kiungo mkabaji: mtu anayesimama mbele ya mabeki, anayepora mpira na kuutoa haraka kwa anayejua kuuchezea. Mshahara wake ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na wa hao waliomzunguka. Aliomba nyongeza, akanyimwa, akauzwa Chelsea.

Tazama kazi aliyokuwa akiifanya kwa macho ya karibu. Roberto Carlos, beki wa kushoto, anapanda kama winga. Figo na Zidane wako mbele, hawarudi. Mpinzani anapora mpira na kuangalia mbele, anaona uwanja mtupu upande wa kushoto wa Madrid. Kabla hajapiga pasi, Makélélé ameshatembea hatua sita kuelekea kwenye lile pengo. Mpinzani anaghairi na kurudisha mpira nyuma. Kwenye televisheni hujaona kitu. Mtangazaji hajataja jina. Shambulizi limezimwa na mtu ambaye hakugusa mpira.

Msimu wa kwanza bila yeye, Madrid ilipoteza mechi zake tano za mwisho za ligi na kumaliza ya nne. Haikutwaa tena ubingwa wa Hispania hadi 2007. Chelsea ilichukua ubingwa wa England 2005, wa kwanza kwao baada ya miaka 50, ikiruhusu magoli 15 tu katika mechi 38, kisha ikaurudia 2006. Makélélé alifunga magoli mawili tu katika miaka yake yote mitano pale, na nafasi anayocheza kiungo wa aina hiyo bado huitwa kwa jina lake. Heshima hiyo ilimfika akiwa ameshauzwa.

Mimi nasema hivi: Madrid haikumwona Makélélé kwa sababu macho ya binadamu hufuata mpira, na kamera zimefundishwa kufuata macho ya binadamu. Tuzo nazo zikafuata kamera. Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora iliyoanzishwa na jarida la Ufaransa la France Football mwaka 1956, imemwendea kipa mmoja tu katika historia yake yote, Lev Yashin wa Umoja wa Kisovieti, mwaka 1963. Beki wa mwisho kuipata ni Fabio Cannavaro, 2006. Waafrika nao walifungiwa nje kwa muda mrefu, kwa kuwa hadi 1995 tuzo ilikuwa ya wachezaji wenye uraia wa nchi za Ulaya peke yao. Pelé na Maradona hawakuwahi hata kupigiwa kura. Mwaka huohuo mlango ulipofunguliwa, George Weah wa Liberia akaingia na kuibeba. Hakuna Mwafrika mwingine aliyeipata tangu hapo.

## Ishara za Wacongo

Januari 2016, mjini Abuja, Mbwana Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale. Kumbuka lakini nani alishika nafasi ya pili: Robert Kidiaba, kipa wa TP Mazembe, timu ileile ya Lubumbashi aliyochezea Samatta. Kati ya mfungaji na kipa wa timu moja, iliyokuwa bingwa wa Afrika mwaka huo, mfungaji alitangulia.

Kidiaba hata hivyo alifika karibu, na sababu mojawapo ni kwamba watu walimjua. Timu yake ilipofunga, alikaa chini na kurukaruka kwa makalio kutoka golini kwake, kitambo kirefu, uwanja mzima ukicheka na kupiga makofi. Kipa ambaye kazi yake ni kutoonekana alijitafutia dakika moja ya kutazamwa.

Mcongo mwenzake kutoka Kinshasa alifanya hivyohivyo kwenye kikapu. Dikembe Mutombo hakuwa mfungaji mkubwa. Kazi yake ilikuwa bloku: kuruka na kuupiga mpira wa mpinzani kabla haujafika kikapuni. Kila alipopiga bloku, alinyanyua kidole cha shahada na kukitikisa polepole kushoto na kulia, kama mzazi anayemkanya mtoto. Waamuzi walipoanza kuadhibu kumkejeli mpinzani, akageukia majukwaa na kuwatikisia watazamaji. Mei 1994 timu yake ya Denver, iliyoingia mtoano ikiwa ya nane, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla yake. Mutombo alipiga bloku 31 katika mechi tano. Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa amelala chali sakafuni, mpira ameukumbatia kwa mikono miwili juu ya kichwa, mdomo wazi kwa furaha. Picha hiyo ilizunguka dunia, na ni picha ya mlinzi.

Alichaguliwa mlinzi bora wa NBA mara nne. Jina alilolipata alilipeleka nyumbani: mwaka 2007 ilifunguliwa Kinshasa hospitali inayobeba jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, aliyoijenga kwa kutoa mamilioni yake na kuwagongea milango matajiri aliokutana nao kwenye kikapu. Alifariki Septemba 2024. Nikiulizwa mchezaji aliyetumia umaarufu vizuri kuliko wote, nitamtaja yeye kabla ya Jordan.

Mutombo alikuwa na bahati moja ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo: bloku zake zilihesabiwa. NBA ilianza kurekodi rasmi bloku na mipira ya kuporwa msimu wa 1973/74. Bill Russell, mlinzi aliyeijenga Boston Celtics, alikuwa amestaafu 1969 akiwa na mataji 11 katika misimu 13. Hakuna anayejua alipiga bloku ngapi. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianzishwa mwaka huohuo wa 1969. Boston ilishinda, lakini aliyepewa ni Jerry West wa Lakers, timu iliyofungwa. West alicheza kwa kiwango cha ajabu, simpingi. Ila mtu mwenye mataji mengi kuliko wote aliondoka bila tuzo hiyo hata moja. Mwaka 2009 ligi iliipa tuzo jina la Russell.

## Nguvu ya nje ya uwanja

Huenda msomaji anajiuliza: kama nyota wa soka hawezi kuibeba timu peke yake, mbona analipwa mabilioni? Jibu ni kwamba anabeba kitu kingine. Anabeba watazamaji.

NBA ilijifunza hili ikiwa masikini. Tarehe 16 Mei 1980, kijana wa miaka 20, Magic Johnson, alicheza fainali nafasi ya Kareem Abdul-Jabbar aliyeumia kifundo cha mguu. Alifunga pointi 42, akadaka ribaundi 15, Lakers wakawa mabingwa. Sehemu kubwa ya Marekani haikuona moja kwa moja. Televisheni ilirusha mkanda usiku wa manane kwa sababu kikapu hakikuwa na soko. David Stern alipokuwa kamishna mwaka 1984 aliitangaza ligi kwa sura za watu, Magic dhidi ya Larry Bird, kisha Jordan. Kufikia michezo ya Olimpiki ya Barcelona 1992, wapinzani walikuwa wakiomba kupiga picha na timu ya Marekani, yenye nyota hao, iliyokuwa ikiwafunga.

Soka iliiga. Beckham alipokubali kwenda Los Angeles 2007, mkataba wake ulimpa haki ya kununua timu mpya ya ligi ya Marekani kwa dola milioni 25. Timu hiyo ndiyo Inter Miami, na Julai 2023 ndiyo iliyomchukua Messi. Alifunga mechi yake ya kwanza kwa mpira wa adhabu dakika za nyongeza, na mwezi mmoja baadaye timu ikabeba kombe lake la kwanza, Leagues Cup. Jezi ya waridi ikafika hadi Kariakoo. Ligini, hata hivyo, Miami haikufuzu mtoano mwaka huo. Nyota wa soka hujaza uwanja kwa siku moja. Kuijaza timu huchukua muda, na huhitaji watu ambao majina yao hayauzi jezi.

Turudi kwa PSG. Mchezaji aliyetwaa Ballon d'Or ya 2025 ni Ousmane Dembélé wa timu hiyohiyo. Katika fainali ya Munich hakufunga hata goli moja, ingawa alitoa pasi mbili za magoli. Picha yake iliyosambaa inamwonyesha akiwa ameinama ukingoni mwa eneo la hatari, kama mkimbiaji anayesubiri bastola, macho yamemkazia kipa wa Inter, Yann Sommer, aliyekuwa akijiandaa kuanzisha mpira. Kocha Luis Enrique alimtaka kila mshambuliaji amkimbilie mpinzani angali golini kwake. Wale watatu wa zamani hawakuifanya kazi hiyo, na wenzao saba waliifanya kwa niaba yao hadi wakachoka.

Klabu zetu nyingi siku hizi huwaomba mashabiki wapige kura ya mchezaji bora wa mwezi. Mechi ijayo, mchague kiungo mkabaji au beki wa kati wa timu yako, umtazame yeye tu kwa dakika kumi, awe na mpira au asiwe nao. Hesabu mara anazomfanya mpinzani aghairi pasi. Ukiona anastahili, mpe kura yako.